Jioni ya filamu ya Padri Damien: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Tangu tangazo lisomwe baada ya Komunyo, sisi wa kamati ya maandalizi hatuvuki mlango wa kanisa bila kushikwa mkono na kuulizwa. Maswali mengine yametoka jumuiyani, mengine kwenye makundi ya Wasapu, na moja niliulizwa sokoni nikiwa nachagua dagaa. Nimekusanya hapa yale yanayojirudia. Jibu likikuelekeza kwenye swali jingine, lifuate, maana sikutaka kuandika jambo moja mara mbili.

## Mambo ya kwanza

Ni filamu gani, lini na wapi?

Ni filamu ya kuigiza kuhusu Padri Damien, Mbelgiji aliyekwenda kuishi na watu wenye ukoma katika kisiwa cha Molokai, Hawaii. Ilitoka mwaka 1999, mwongozaji ni Paul Cox, na anayeigiza Damien ni David Wenham. Ilipigwa picha huko huko Molokai, na baadhi ya wakazi walioishi na ugonjwa huo walishiriki.

Inaonyeshwa ukumbi wa parokia, Jumamosi ya mkesha wa Siku ya Ukoma Duniani. Siku hiyo huadhimishwa kila Jumapili ya mwisho ya Januari, na aliyeianzisha mwaka 1954 ni Mfaransa Raoul Follereau. Milango inafunguliwa saa 11:30 jioni, filamu saa 12:30. Ikifika saa 12:30 tunawasha, hata kama mwenyekiti wa jumuiya yako yuko njiani.

Kiingilio ni shilingi ngapi?

Bure. Mlangoni kutakuwa na kapu. Ukiwa na mche wa sabuni, kilo ya sukari au kanga, weka humo. Vitu vyote vinapelekwa Bukumbi, wilayani Misungwi, kwenye makazi ya wazee na watu walioishi na ukoma. Huna kitu? Ingia, hakuna anayehesabu.

Lazima niwe Mkatoliki?

Hapana. Majirani zetu Walutheri, wa AIC na Waislamu wa mtaani wamealikwa, na mwaka jana walikuja wengi. Sala ni moja fupi mwanzoni, basi.

Filamu ni ndefu kiasi gani?

Karibu saa mbili. Katikati kuna mapumziko ya dakika kumi, kwa sababu ukumbi una vyoo viwili tu na sote tunajua inavyokuwa. Baadaye mazungumzo ya nusu saa. Saa 3:30 usiku watu wawe wanatoka.

Ni ya Kiingereza. Tutaelewaje?

Hili ndilo swali namba moja, na lina haki yake. Katekista wetu ataitafsiri papo hapo kwa kipaza sauti.

Najua mnawaza nini. Wengi wetu tumekulia kwenye mabanda ya video, pale ambapo mtafsiri anamwongezea Mchina maneno ya mapenzi ambayo hakuyasema, na askari wa Marekani anataja bei ya sangara. Ilikuwa raha, sikatai. Ila safari hii katekista ameitazama filamu mara nne akiwa na daftari kubwa lenye jalada gumu, lile la mahesabu ya duka. Upande wa kushoto ameandika dakika, upande wa kulia maneno atakayosema. Nilipolifungua nilikuta mahali kama sita ameandika kwa kalamu nyekundu: NYAMAZA. Nikamuuliza ni za nini. Akasema, “Hapo mtu analia, na kulia hakuna cha kutafsiri.”

Kwa bibi na babu zetu ambao Kisukuma kinawaingia zaidi, ataweka sentensi mbili tatu za Kisukuma wakati wa mapumziko kueleza tulipofika.

## Damien mwenyewe

Alikuwa nani hasa?

Jina lake la nyumbani ni Jozef De Veuster. Alizaliwa tarehe 3 Januari 1840 katika kijiji cha Tremelo, Ubelgiji, kwenye familia ya wakulima na wauza nafaka. Aliingia Shirika la Mioyo Mitakatifu ya Yesu na Maria, alikotangulia kaka yake, Padri Pamphile.

Hawaii hakuwa wa kwenda yeye. Aliyepangiwa ni huyo kaka, akaugua safari ikiwa imekaribia. Mdogo mtu, ambaye hata upadri alikuwa bado, akawaandikia wakubwa wa shirika barua akiomba nafasi hiyo, akakubaliwa. Alifika Honolulu tarehe 19 Machi 1864, sikukuu ya Mtakatifu Yosefu, na akapadrishwa tarehe 21 Mei mwaka uleule. Kwa miaka tisa alifanya kazi kwenye kisiwa kikubwa cha Hawaii. Tarehe 10 Mei 1873, akiwa na umri wa miaka 33, aliingia kwenye makazi ya Molokai. Mpango wa askofu ulikuwa mapadri wapokezane zamu. Damien alitangulia, na zamu yake ikaenda miaka 16. Alifia huko tarehe 15 Aprili 1889.

Mkisikia wengine wanamwita Damiano au Damian, ni huyo huyo.

Molokai ni wapi?

Ni kisiwa kimojawapo cha Hawaii, katikati ya bahari ya Pasifiki. Wakati ule Hawaii ilikuwa ufalme huru wenye mfalme wake. Marekani iliitwaa mwaka 1898 na kuifanya jimbo mwaka 1959.

Watu wenye ukoma hawakuwekwa kisiwa kizima, waliwekwa kwenye rasi iitwayo Kalaupapa. Pande tatu bahari, upande wa nne ukuta wa mlima wenye mamia ya mita. Sisi tunaoishi na mawe tunaweza kudhani tunaelewa. Hapana. Majabali yetu ya Mwanza mtoto wa darasa la tatu anayapanda na ndoo ya maji kichwani. Ule ukuta ulikuwa gereza tosha.

Kwa nini watu walipelekwa huko?

Kwa sheria. Mwaka 1865 Mfalme Kamehameha V alitia saini sheria ya kuwatenga wenye ukoma, na kundi la kwanza lilishushwa tarehe 6 Januari 1866. Baba alichukuliwa akaacha watoto, mtoto alichukuliwa akaacha mama. Hakukuwa na dawa, kwa hiyo aliyekwenda hakutarajiwa kurudi. Mpaka utaratibu huo ulipofutwa mwaka 1969, watu kama 8,000 walikuwa wamepelekwa, na wengi mno walikuwa wenyeji wa Hawaii.

Soma mwaka huo tena: 1969. Dawa zilikuwepo tangu miaka ya 1940. Hofu ilichelewa kupona kuliko wagonjwa.

Ni kweli aliungama dhambi akiwa kwenye mtumbwi?

Ndivyo inavyosimuliwa. Baada ya kuingia Kalaupapa alizuiwa kutoka, na wengine kuingia. Siku moja mkubwa wake wa shirika alifika na meli, lakini hakuruhusiwa kushuka, wala Damien kupanda. Basi Damien alipiga kasia mpaka ubavuni mwa meli na kuungama kwa sauti kubwa, kwa Kifaransa ili mabaharia wasielewe.

Yeyote aliyewahi kusimama kwenye mtumbwi chini ya meli pale bandarini, maji yanapiga, injini inanguruma, anajua ni sauti ya namna gani inahitajika. Jaribu kusema dhambi zako kwa sauti hiyo.

Alijuaje kwamba ameambukizwa?

Mwishoni mwa 1884 alitumbukiza mguu kwenye maji ya moto sana na hakusikia kitu. Ngozi ilivimba malengelenge, maumivu hayakuja. Ukoma huua mishipa ya fahamu, na yeye alikuwa amewahudumia wagonjwa kwa zaidi ya miaka kumi, hivyo hakuhitaji kuambiwa na daktari. Aliendelea na kazi kwa zaidi ya miaka minne.

Kwa hiyo kila aliyekwenda kuhudumia aliambukizwa?

La. Mama Marianne Cope, mtawa Mfransisko kutoka Marekani, alifika Hawaii mwaka 1883 na Kalaupapa mwaka 1888, miezi michache kabla ya Damien kufa. Alikaa huko hadi kifo chake mwaka 1918 bila kuugua ukoma. Ametangazwa mtakatifu mwaka 2012. Joseph Dutton, mwanajeshi wa zamani wa Marekani, alifika mwaka 1886 kama mlei wa kujitolea akakaa zaidi ya miaka 40. Naye hakuupata. Sababu ya kitabibu iko kwenye swali la ukoma kuambukiza, hapo chini.

Je, filamu inasema kweli tupu?

Mambo makuu ni ya kweli. Ila filamu yoyote ya mtu mmoja ina tabia ya kumsimamisha yeye katikati na kuwaweka wengine nyuma kama miti. Kwa hiyo ombi langu, na hili nalisema kama mimi, si kama kamati: mkitazama, angalieni waliosimama nyuma yake.

Mara nyingi tumeambiwa kwamba Damien alikuta watu waliogeuka wanyama, akawafanya binadamu. Shida zilikuwepo, ulevi ulikuwepo, wenye nguvu waliwanyang'anya wanyonge. Lakini mwaka 1866, miaka saba kabla hajafika, wagonjwa 35 walikuwa wameunda usharika wao wa Kiprotestanti na kuuita Siloama. Kanisa dogo la Kikatoliki la Mtakatifu Filomena lilikuwa limejengwa mwaka 1872. Damien alilikuza, hakulianzisha. Usiku wake wa kwanza alilala nje chini ya mti, na kila ubao alioupigilia baadaye kulikuwa na mtu ameushika upande wa pili, pengine kwa mkono wenye vidole viwili.

Kulikuwa pia na watu walioitwa kokua. Hawa hawakuwa wagonjwa. Ni mke aliyemfuata mume, ndugu aliyemfuata ndugu, wakaingia Kalaupapa kwa hiari kupika, kufua na kuosha vidonda. Mmoja ni Jonatana Napela, mwenyeji wa Hawaii na kiongozi wa Wamormoni, aliyeingia mwaka 1873 kumfuata mkewe Kitty. Alifanya kazi karibu na Damien wakaelewana vizuri, kila mtu na dhehebu lake. Ukoma ukampata, akafa mwaka 1879, miaka kumi kabla ya Damien. Dunia haikumjua.

Hakuwa na kasoro?

Alikuwa mkaidi, mwenye hasira za haraka, na aliwachosha wakubwa wa serikali kwa madai ya mbao, mabomba ya maji na nguo. Baada ya kifo chake mchungaji mmoja wa Honolulu, Charles Hyde, aliandika kwamba alikuwa mchafu na asiyeambilika. Mwandishi Robert Louis Stevenson, Mskoti asiye Mkatoliki ambaye alikuwa amekwenda Molokai mwenyewe mwaka 1889, alimjibu hadharani mwaka uliofuata kwa barua kali sana. Hakukana kasoro. Alichouliza ni wewe ulikuwa wapi wakati yeye yuko kule.

Ametangazwa mtakatifu lini?

Mwenyeheri mwaka 1995 na Papa Yohane Paulo II, mtakatifu tarehe 11 Oktoba 2009 na Papa Benedikto XVI. Sikukuu yake ni tarehe 10 Mei, siku aliyoingia Molokai.

Kwa nini tena filamu ya mzungu? Sisi hatuna wamisionari?

Swali hili liliulizwa na kijana wa VIWAWA, chama cha vijana Wakatoliki, kwa sauti, mbele ya paroko. Namshukuru.

Jibu la kwanza ni la fundi: filamu hii ipo, na ya watu wetu haijatengenezwa. Jibu la pili ni refu kidogo. Sisi wa pwani hii ya ziwa tulifikiwa na wamisionari mapema. Wamisionari wa Afrika, wale tunaowaita White Fathers kwa ajili ya kanzu zao nyeupe, walifika Kageye, Magu ya leo, mwishoni mwa mwaka 1878 wakielekea Buganda, na mwaka 1883 wakafungua misheni ya Bukumbi. Ukienda Bujora, Kisesa, utakuta kazi ya Padri David Clement kutoka Kanada, aliyejenga kanisa kwa sura ya nyumba ya msonge na kuacha ngoma za Kisukuma ziingie Misani. Hawa wote walikuja kwetu, kwa hiyo tumezoea kumwona mmisionari kama mtu anayeshuka kwenye mashua, sisi tuko ufukweni tunatazama.

Lakini fikiria Adrian Atiman. Alizaliwa upande wa mto Niger, Mali ya leo, akatekwa utumwani akiwa mtoto, akakombolewa na White Fathers, akasomea udaktari Malta. Mwaka 1889, mwaka uleule aliokufa Damien, akafika Karema kwenye ziwa Tanganyika. Alitibu watu na kufundisha dini pale mpaka alipofariki mwaka 1956. Miaka 67 ugenini, na alikuwa Mwafrika, mlei, mwenye mke. Siku mtu akitengeneza filamu yake, projekta ni ile ile na ukumbi ni ule ule.

## Kuhusu ukoma

Ukoma bado upo? Si uliisha?

Upo, ingawa ni wachache kuliko zamani, na unatibika kabisa. Bakteria anayeusababisha aligunduliwa na daktari Mnorwe, Gerhard Armauer Hansen, mwaka 1873, ndio mwaka Damien alioshuka Kalaupapa. Leo mgonjwa anapewa dawa mseto, mchanganyiko wa dawa ambao Shirika la Afya Duniani liliupendekeza mwaka 1981. Zinamezwa miezi 6 au 12 kulingana na aina ya ugonjwa, na ni bure.

Nikikaa karibu na aliyeugua nitaambukizwa?

Hapana. Watu wengi sana wana kinga ya asili dhidi ya bakteria huyo. Kwa wasio na kinga, maambukizi huja kwa hewa ya pua na mdomo baada ya kuishi karibu, kwa muda mrefu, na mtu ambaye hajaanza dawa. Akianza dawa haambukizi tena. Na ugonjwa wenyewe huenda polepole, dalili huweza kuchukua miaka mitano au hata ishirini kujitokeza.

Vidole vilivyopotea si alama kwamba ugonjwa upo mwilini. Ni kovu. Mtu alishika sufuria la moto bila kusikia, au alitembea na mwiba wiki nzima, kidonda kikaoza. Aliyepona amepona. Kumpa mkono ni kumpa mkono tu.

Nina baka lisilosikia. Niende wapi?

Kituo chochote cha afya cha serikali, uulize kliniki ya kifua kikuu na ukoma. Baka lenye rangi hafifu kuliko ngozi au jekundu, lisilowasha wala kuuma, ukiligusa na pamba husikii: usikae nalo. Usiende kwanza kwa mtu wa dawa za majani ukapoteza mwaka. Muuguzi mmoja wa parokia yetu atakuwa meza ya nyuma siku ya filamu, na anaongea kwa sauti ndogo.

Kwa nini mmetuambia tusiseme “mkoma”?

Kwa sababu neno hilo linammeza mtu. Anakuwa ugonjwa wenye miguu. Baadhi ya wazee wamelalamika kwamba tunaleta mambo ya semina, na kwamba hata Biblia inasema hivyo. Nilikaa nikaifungua. Kwa Marko 1:40 anayemwendea Yesu ni “mtu mwenye ukoma”. Kwa Luka 17 waliokutana naye ni “watu kumi wenye ukoma”. Yaani aliyetutafsiria Biblia miaka mingi iliyopita alianza na mtu, kisha ukoma. Ni kweli yuko “Simoni mkoma” wa Bethania, Mathayo 26:6. Lakini tazama, yeye ndiye mwenye nyumba, na Yesu ameketi mezani kwake.

Katekista atasema “mwenye ukoma” filamu nzima, hata pale waigizaji wanapotumia neno baya la Kiingereza.

## Siku yenyewe, ukumbini

Watoto waje?

Kuanzia miaka kumi na miwili, na mzazi. Kuna vidonda vinavyoonekana karibu na kuna mazishi mengi. Watoto wa Utoto Mtakatifu wataonyeshwa vipande vilivyochaguliwa saa 9 alasiri, na mlezi wao atakuwepo kujibu. Anayenyonya hana umri, mje naye, ila akilia tokeni nje kidogo.

Umeme ukikatika?

Tuna jenereta na lita kumi za petroli. Ikitokea, kaeni hapo hapo, itachukua dakika tatu. Mwaka jana zilikuwa ishirini na tano kwa sababu ufunguo wa stoo ulikuwa mfukoni mwa mtu aliyekwenda kwenye sendoff. Mwaka huu ufunguo ninao mimi.

Kwa nini si uwanjani kama mwaka jana?

Wadudu wa ziwani. Mnakumbuka wingu lile jeusi lilivyotoka majini saa mbili usiku likafuata mwanga. Walijaa kwenye kioo cha projekta, na usoni mwa Mtakatifu Fransisko kukawa na ndevu zinazotembea. Watoto walicheka mpaka wakalala chini. Fundi alifuta kwa shati lake mara tatu, kisha shati likawa halifai. Zaidi ya hapo, shuka nne zilizoshonwa na akina mama wa WAWATA zilipigwa na upepo kama tanga. Ndani hakuna upepo, na mapazia yameshonwa mapya. Joto litakuwepo, njoo na khanga ya kujipepea.

Nitarudije nyumbani?

Saa 3:30 daladala za Igoma, Buhongwa na Kisesa bado zipo, ila hazijai haraka. Jumuiya zijipange kwa makundi, akina mama wasitembee peke yao. Wanaotoka Sengerema hawafungwi tena na ratiba ya kivuko, maana daraja la Kigongo–Busisi lilifunguliwa Juni 2025. Anayetaka kulala mjini aseme mapema, jumuiya zimejitolea vitanda.

Ninaweza kurekodi kwa simu?

Hapana, wala kurusha mubashara. Tumepewa ruhusa ya kuionyesha, si kuisambaza, na sheria ya hakimiliki ya mwaka 1999 haina msamaha kwa sababu filamu ni ya kidini. Piga picha ya ukumbi ukitaka. Usipige picha ya mgeni kabla hujamwomba.

Ninaweza kuuza karanga?

Nje ya geti, ndiyo. Ndani, maji tu.

## Maswali ya pembeni

Sisi ni wavuvi wa dagaa, usiku tuko ziwani. Tukose?

Msikose. Tumekubaliana na kigango cha mwaloni kwamba tutaileta wakati wa mbalamwezi, mitumbwi ikiwa imepumzika. Mafuta ya jenereta ni ya kigango, kitambaa na projekta ni vya parokia. Suala la wadudu tutalijua hapo hapo.

Kigango chetu kinaweza kuazima?

Vifaa ndiyo, pamoja na mtu wetu wa kuviendesha. Diski haitoki, kwa sababu iliyoelezwa kwenye swali la kurekodi. Na mtafsiri mzungumze naye wenyewe, daftari ni lake.

Binti yangu ameanza kusema atakuwa mmisionari. Filamu haitazidisha?

Huenda. Mwache aitazame, kisha aje kwenye mazungumzo aulize. Damien aliandika barua ya kuomba nafasi ya kaka yake kabla hajawaza vizuri, na wakubwa wake walikasirika kidogo. Lakini pia alimaliza malezi yake. Sista wa shirika la jimbo atakuwepo, naye atamwambia binti yako kwamba kwanza ni kumaliza kidato cha nne.

Wageni wa Bukumbi watakuja? Tukae vipi?

Watakuja tisa, na gari la parokia litawafuata. Wasalimieni kama mnavyosalimia wazee wengine, Tumsifu Yesu Kristo na shikamoo, na mkono.

Mwaka jana tuliwatengea safu ya mbele, na tukajiona waungwana. Uwanja ulijaa mpaka watu wakasimama pembeni, lakini safu ya pili, nyuma ya wageni, ilibaki viti kumi na vinne vitupu mpaka mwisho. Mimi ndiye niliyekuwa napanga viti, na mimi pia sikukaa pale. Mzee mmoja aligeuka nyuma, akavitazama vile viti, akarudi kutazama kitambaa.

Kwa hiyo safu ya mbele ni ya nani mwaka huu?

Ya anayewahi. Hakuna safu iliyotengwa. Wageni wanakaa wanapotaka, na kila jumuiya imeombwa kuwapokea wawili. Mimi nitakuwa na bibi mmoja, safu ya nne upande wa dirisha. Anapenda kuuliza maswali katikati ya filamu, nawaonya. Kiti cha kulia kwake hakijapata mtu bado.